Hesabu ya digrii ya hesabu

Mjomba Kariobangi: Neema, hongera tena kwa ile A ya hesabu. Lakini wacha niseme wasiwasi wangu hapa kwenye grupu la familia, mbele ya wote. Nasikia KUCCPS, wale wa kupangia wanafunzi vyuo, wamekupeleka Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kusomea hisabati, miaka minne. Mimi hadiwea yangu inataka mtu wa kuaminika wa stoo na madaftari, nalipa 15,000 kwa mwezi kuanzia Jumatatu. Ukimaliza chuo, nani atakulipa kwa kutafuta x?

Mama Neema: Hata mimi hilo linaninyima usingizi, kaka. Daktari najua anafanya kazi wapi. Mhasibu najua. Huyu wa hisabati je?

Mama Neema: Nimesoma kwa simu kwamba Marekani wanahisabati na wanatakwimu hulipwa zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka. Ni kweli?

Kevo Binamu: Ni kweli aunty, hizo ni takwimu za idara yao ya kazi. Lakini wengi wao huko ni wanatakwimu, na wengi wana shahada ya pili au ya tatu. Tusipange kodi ya nyumba hapa Umoja, Nairobi, kwa mshahara wa huko.

Shangazi Mwalimu: Mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote, sitakubali mtoto mwenye kipawa hiki apelekwe stoo. Samahani kaka, lakini hapana.

Mjomba Kariobangi: Dada, sijasema asisome. Nauliza gharama.

Baba Neema: Na hilo ni swali la haki. Neema, wewe ndiye wa hesabu. Tuwekee hapa tuone.

Neema: Sawa Baba. Tuseme karo ni 200,000 kwa mwaka, na sisi tuko bendi ya 3 kwa mfumo wa 2023 wa kufadhili vyuo, uliopanga familia kwa bendi kulingana na uwezo. Mfumo huo uligawa hivi: serikali 50%, mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, 30%, nyumbani 20%. Kwa hivyo nyumbani ni 40,000 kwa mwaka, 160,000 kwa miaka minne. Mkopo wa karo ni 240,000. Pesa ya matumizi pia ni mkopo, 50,000 kwa mwaka, inafika 200,000.

Neema: Sasa kubwa kuliko zote ni ile 15,000 ya Mjomba. Miaka minne ni 720,000 ambazo sitapata. Pesa ya matumizi siihesabu hapa kwa sababu hata nikiwa stoo lazima nile. Jumla 160,000 + 240,000 + 720,000 = 1,120,000.

Mjomba Kariobangi: Milioni na zaidi! Asante kwa kuihesabu na hiyo yangu, watu huisahau.

Neema: Digrii ikinipa 15,000 kwa mwezi juu ya kile ningelipwa bila digrii, nitairudisha kwa miezi 75, miaka sita na kidogo. Ikiongeza 30,000, nusu ya hapo. Na kila mwaka nikizunguka na bahasha ya kaki bila kazi yoyote, naongeza 180,000 juu.

Baba Neema: Na HELB?

Neema: Deni lote 440,000, riba 4%. Nikilipa kwa miaka sita ni kama 6,900 kwa mwezi. Wanangoja mwaka mmoja baada ya kumaliza, halafu ukikaa kimya bila kulipa faini ni 5,000 kila mwezi.

Mama Neema: Faini tupu karibu sawa na malipo yenyewe. Jamani.

Kevo Binamu: Kwa hivyo swali ni huo mwaka wa kuzunguka, tuufupishe vipi. Niliosoma nao hisabati tupu walioteseka ni wale waliongoja kumaliza ndipo waanze kujiuliza. Neema, chukua yuniti za takwimu na uwezekano kila zikipatikana, na ujue Python na SQL, lugha za kompyuta za kuchambua data, kabla ya mwaka wa tatu. Hapa ofisini kwetu Upper Hill, Nairobi, tunaajiri watu wa kuchambua data ya madai ya bima, hatuangalii sana jina la kozi. Na mifuko ya pensheni inayoahidi kiwango maalum cha malipo inalazimika kisheria kukaguliwa na mtaalamu wa aktuaria, yaani hesabu za hatari za bima na pensheni, angalau kila miaka mitatu, kazi hiyo haiishi.

Kevo Binamu: Ila mitihani ya aktuaria ya Uingereza hulipiwa kwa pauni, mmoja mmoja. Uliza idarani mapema kama kuna yuniti zinazokusamehe mtihani wowote.

Shangazi Mwalimu: Na ualimu usiuhesabu kama wa kukimbilia mwishoni. Digrii ya sayansi peke yake TSC, tume ya walimu, hawakusajili, utarudi kusomea diploma ya uzamili ya ualimu, na wanataka masomo mawili ya kufundisha. Kama unautaka, omba uhamisho kwenda shahada ya ualimu sasa.

Neema: Siutaki Shangazi, nisamehe. Nataka hisabati. Na nikifika shahada ya pili kuna AIMS, ile taasisi ya Afrika ya sayansi ya hisabati iliyoanza Cape Town 2003 na sasa iko hata Kigali, inatoa ufadhili kwa wanafunzi.

Shangazi Mwalimu: Hapo umenijibu mwanangu. Sina neno.

Mjomba Kariobangi: Basi njoo stoo likizo ndefu, nikulipe ile ile 15,000. Uipunguze kwa hiyo 720,000 yako.

Neema: Nitakuja Mjomba. Asante sana.

Baba Neema: Hakuna uhamisho. Mama Neema, ile 40,000 ya kwanza tutoe kwa chama chako cha akiba?

Mama Neema: Zamu yangu ya kupokea ni mwezi ujao. Nitaomba wanibadilishie na mama wa pale ploti.

Shangazi Mwalimu: Mimi natoa 10,000. Nitatuma kwa M-Pesa jioni.