Maonyesho ya sarafu Jumamosi hii hapa Mombasa, au nisubiri ya Nairobi?

KijanaWaKisauni · Jumatatu usiku

Assalaam alaikum, wakubwa kwa wadogo. Nina jambo la kuamua kabla ya Alhamisi na nimekwama. Marehemu babu aliacha mkebe wa sarafu za zamani. Jumamosi hii wakusanyaji wa sarafu wana maonyesho hapa mjini, siku moja tu, kuanzia saa tatu asubuhi, kiingilio shilingi mia mbili. Mwezi ujao kuna mengine Nairobi, nasikia ni makubwa zaidi. Halafu kuna mtu wa mtandaoni ashaona picha, ataka mkebe mzima, na jibu alitaka Alhamisi. Kati ya hizi tatu ipi bora? Sijawahi kuingia maonyesho ya namna hii.

FundiSaa_Makupa · Jumatatu usiku

Waalaikum salaam. Kijana, watuuliza bei ya samaki na samaki yumo ndani ya kapu. Sarafu gani? Za miaka gani? Wauza, au wataka kujua thamani tu? Ushazipima uzani? Na huyo mnunuzi ametoa bei gani? Bila hayo kila mtu atakupa jibu lake na hakuna litakalokufaa.

Nahodha_MjiWaKale · Jumatatu usiku

Maswali ya Fundi yajibiwe, lakini mimi nasema nenda ya hapa. Faida ya maonyesho ni kwamba sarafu unaishika mkononi, na mwenye meza ya pili haambiwi na wa kwanza alichokuambia. Ulizia meza nne au tano kabla hujataja kwamba unauza. Ukiwa muuzaji fika mapema, wakati wafanyabiashara wangali na pesa mfukoni. Ukiwa mnunuzi kaa mpaka jioni, wakianza kukunja vitambaa vya meza bei hushuka. Chukua kioo cha kukuzia, na ukishika sarafu shika ukingoni, usiguse uso wake.

Msafiri_Miritini · Jumanne asubuhi

Mimi ni wa Nairobi bila shaka yoyote. Hapa kwetu utakuta meza chache, na wenyewe wajuana tangu zamani. Mmoja akishasema bei, wengine hawampandi. Kule wageni ni wengi na wanashindana. Treni ni elfu moja mia tano daraja la kawaida, asubuhi unaingia, jioni unarudi.

Nahodha_MjiWaKale · Jumanne asubuhi

Elfu tatu kwenda na kurudi, na hujala, na kutoka Syokimau mpaka mjini bado ni nauli nyingine. Kama zile sarafu ni ndururu tupu, yaani senti tano tano, atakuwa ameingia hasara kabla hajafungua mkebe.

KijanaWaKisauni · Jumanne mchana

Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Ndani ya mkebe mna hivi: rupia moja ya fedha imeandikwa Mombasa, 1888, upande mmoja ina jua na taji, upande wa pili mizani. Vipaisa vitatu vya shaba vya mwaka huohuo. Reale mbili kubwa za fedha za yule mama mnene, Maria Theresa, 1780. Halafu sarafu za tundu katikati kama hamsini hivi, na shilingi za simba kiasi, zote za enzi za mkoloni. Mnunuzi amesema elfu nane kwa zote. Uzani sijapima.

FundiSaa_Makupa · Jumanne mchana

Sasa twaongea. Usimjibu huyo mtu. Hiyo rupia ni ya Kampuni ya Imperial British East Africa, walioshika pwani hii kabla ya serikali ya Uingereza. Ilipigwa Birmingham, kiwanda cha Heaton, tafuta herufi ndogo H. Uzani wake lazima uwe gramu 11.66, fedha safi sehemu 917 kwa elfu, sawa kabisa na rupia ya Bara Hindi, kwa sababu ilibidi ipokelewe sokoni pamoja nayo. Nenda kwa sonara yeyote mwenye mizani ya dijitali, akupimie mbele ya macho yako. Ikipungua kwa nusu gramu uliza maswali. Ikishikwa na sumaku, si fedha.

Shilingi za simba angalia mwaka. Za kabla ya 1948 zina robo ya fedha ndani yake. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli. Zitenge.

Bi_Kibokoni · Jumanne usiku

Mwanangu wa Kisauni, nisikize vizuri, maana haya yalinipata mimi mwenyewe.

Nyanya yangu aliniachia rupia ya Mombasa kama hiyo yako, pamoja na robo rupia ya 1890. Zilikuwa nyeusi kama sufuria ya makaa. Niliposikia kuna maonyesho nikasema nisiende na vitu vichafu mbele ya watu. Nikachukua ukwaju na jivu, vile tunavyosugua sinia za shaba siku za Idi, nikasugua mpaka zikang'aa. Nilifurahi sana usiku ule.

Meza ya kwanza alikaa mzee mmoja mpole. Alitazama kwa kioo kimya kwa muda, kisha akaniuliza, "Bi, umeisafisha?" Nikasema ndiyo, kwa fahari. Akairudisha juu ya kitambaa. Akanieleza kwamba ule weusi ndio ngozi ya sarafu, miaka mia na zaidi imejijenga, na mimi nimeichuna. Alionyesha mikwaruzo ya jivu, yote imekwenda upande mmoja. Akaniambia wakusanyaji hawaitaki tena, yeye angenipa bei ya uzani wa fedha tu. Sikuuza. Macho yalinijaa machozi.

Meza ya pili ndiyo iliyonimaliza. Kijana mchangamfu, maneno mengi, akasema wacha nimwonyeshe mwenzangu pale upande wa pili aseme bei. Akaichukua rupia akaenda nayo. Dakika tano hivi. Aliporudi alikuwa ameitia ndani ya kibahasha, akasema mwenzake hataki, pole. Nikaweka mkobani, nikarudi nyumbani. Usiku nafungua, naona kichwa cha Malkia Victoria. Rupia ya Bara Hindi! Uzani mkononi ulikuwa uleule, hata Fundi kasema hapo juu kwamba zalingana, ndiyo maana sikuhisi kitu. Asubuhi nilirudi pale ukumbini, mlango umefungwa, meza zishaondolewa. Picha sikuwa nayo hata moja. Ningemshtaki kwa ushahidi gani?

Kwa hiyo mwanangu: usisugue. Piga picha pande zote mbili pamoja na ukingo. Na sarafu isiondoke mbele yako hata hatua mbili, awe ni nani.

KijanaWaKisauni · Jumanne usiku

Pole sana mama. Ahsante kwa kunieleza. Nilikuwa nimeshanunua ndimu.

Mwalimu_Tudor · Jumatano asubuhi

Kabla hamjaendelea na bei, huyo mnunuzi wa mtandaoni yuko wapi?

KijanaWaKisauni · Jumatano asubuhi

Uingereza. Alisema nitume kwa kifurushi, nisiandike ndani mna nini.

Mwalimu_Tudor · Jumatano asubuhi

Basi hapo pana tatizo kubwa kuliko elfu nane. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 yahesabu kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa ni kitu cha kale. Kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Rupia yako ni ya 1888. Hata kufanya biashara ya vitu hivyo hapahapa nchini kuna leseni yake. Makumbusho ya Taifa ndio wanaoisimamia Fort Jesus, na kutoka Kisauni hadi pale ni matatu moja. Nenda ukaulize kabla hujauza kwa yeyote.

Msafiri_Miritini · Jumatano mchana

Mwalimu watia watu hofu. Sheria ile ni ya wanaochimbua magofu, Gede na Jumba la Mtwana. Kijana karithi kwa babu yake. Kila nyumba Mji wa Kale ina reale kabatini.

Mwalimu_Tudor · Jumatano mchana

Sheria haikusema "kilichochimbuliwa" peke yake, imesema kilichotengenezwa au kuletwa kabla ya mwaka ule. Kuwa nayo kabatini ni jambo moja, kuifunga ndani ya kifurushi kisichosema ndani mna nini ni jambo jingine. Mtu anayemwambia kijana wa watu asiandike kilichomo anajua anachofanya.

Na nawauliza ninyi mliokusanya miaka mingi: kuna sarafu ngapi duniani zilizoandikwa jina la mji huu? Zikishatoka zote, wajukuu wetu wataziona kwenye kioo cha simu. Mimi nafundisha watoto wasiojua kwamba Mombasa iliwahi kuwa na rupia yake. Nikiwaambia wananitazama tu.

Nahodha_MjiWaKale · Jumatano mchana

Hapo nakuunga mkono Mwalimu. Lakini reale je? Zile zimeandikwa 1780, kwa hivyo zote ni za kale.

FundiSaa_Makupa · Jumatano jioni

La, Nahodha. Mwaka huo usikudanganye. Maria Theresa, mtawala wa Austria, alikufa 1780, na tangu hapo waliendelea kuzipiga kwa tarehe ileile kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na pwani yetu walikataa sura nyingine yoyote. Vienna walipiga, London wakapiga, Bombay wakapiga, na hata leo Vienna wapiga. Reale yaweza kuwa ya enzi za Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, au ikawa ya juzi.

Nahodha_MjiWaKale · Jumatano jioni

Kwa hiyo za juzi ni bandia.

FundiSaa_Makupa · Jumatano jioni

Si bandia. Fedha ni ileile, sehemu 833 kwa elfu, gramu 28 na kidogo, na ukingoni mna maandishi ya Kilatini, *Justitia et Clementia*. Bandia ni ile isiyo na maandishi ukingoni au iliyo nyepesi. Babu yangu alikuwa aziangusha juu ya sakafu ya saruji asikilize mlio. Mimi siwashauri, utaitia kovu.

Nahodha_MjiWaKale · Jumatano jioni

Mimi siwezi kuita reale kitu kilichopigwa nikiwa nimeshazaliwa. Reale ni iliyopita mikononi mwa mabaharia. Hiyo nyingine ni kumbukumbu ya watalii.

FundiSaa_Makupa · Jumatano jioni

Sawa, lakini watajuaje iliyopita mikononi mwa baharia? Bibi Maria hana midomo.

Bi_Kibokoni · Jumatano usiku

Wazee mwamchanganya mtoto. Mwanangu, hizo reale mbili zina kitanzi au alama ya kuchomelewa? Zamani zilivaliwa kwenye mikufu. Ikiwa na alama hiyo bei ya wakusanyaji hushuka, lakini kwa nyumba ni kitu kingine.

KijanaWaKisauni · Jumatano usiku

Moja ina alama juu, kama palichomelewa kitu kikang'olewa. Nilimwonyesha mama leo. Sikuwa nimemwambia kama nataka kuuza, nilidhani ni mkebe tu. Akanyamaza sana. Kisha akasema hizo reale mbili zilikuwa katika mahari ya nyanya, na kwamba babu aliziregesha ndani ya mkebe nyanya alipofariki. Sasa sijui. Nilitaka pesa za karo ya mdogo wangu, muhula waanza karibuni.

Mwalimu_Tudor · Jumatano usiku

Hili ndilo tulilopaswa kulijua tangu Jumatatu. Reale za mahari hizo zikae. Ya karo njoo unione faraghani tuzungumze, skuli nyingine hukubali kulipwa kidogokidogo.

Msafiri_Miritini · Alhamisi asubuhi

Nami nasema reale zibaki, na rupia aiulizie Fort Jesus. Lakini zile za tundu na shilingi za simba hazina tatizo, ni za baada ya 1895, hizo apeleke maonyesho. Za tundu tazama moja moja kwa jina la mfalme. Zikiwa za 1936 zitazame mara mbili, maana kuna zenye jina la Edward wa Nane, aliyekaa kiti kwa chini ya mwaka mmoja na sura yake haikupata kuwekwa kwenye pesa zetu. Ndururu na peni (senti kumi) zipo zote mbili.

Nahodha_MjiWaKale · Alhamisi asubuhi

Hizo za Edward si adimu hivyo, zilipigwa nyingi. Baba yangu alikuwa nazo kopo zima, mafundi wa mabati wakizitumia kama vipete vya chini ya misumari.

Msafiri_Miritini · Alhamisi asubuhi

Kwa kweli si adimu, lakini ni nzuri kuwa nayo. Na zatofautiana. Kuna yenye H, kuna yenye KN, ndizo alama za kiwanda kilichoipiga, na kuna isiyo na herufi.

KijanaWaKisauni · Alhamisi mchana

Nimemwandikia yule wa Uingereza kwamba sitamtumia kitu bila kibali. Hajajibu. Kesho nitapita Fort Jesus nikitoka kazini kama hawajafunga. Jumamosi sina hakika, mama ataka tukae kwanza na ami yangu ambaye yuko Lamu. Sarafu za tundu nimezitoa zote juu ya mkeka. Za 1936 ziko sita. Moja herufi yake siioni vizuri.

FundiSaa_Makupa · Alhamisi mchana

Usiikwaruze kutafuta herufi. Tia maji safi tu, iache usiku mzima, ikauke yenyewe juu ya kitambaa laini. Na vibahasha vya plastiki laini ya PVC usitumie kuhifadhi, baada ya muda hutoa majimaji ya kijani yanayokula shaba. Bahasha za karatasi isiyo na asidi zafaa zaidi.

Msafiri_Miritini · Alhamisi usiku

Kijana, ikiwa hiyo ya sita ni KN, mimi nina mbili za H. Kama utakuja Jumamosi nitakuwa pale mlangoni saa tatu. Kuna mtu yeyote atokaye upande wa Changamwe mwenye nafasi garini? Nina sanduku zito.

Nahodha_MjiWaKale · Alhamisi usiku

Mimi napita Changamwe saa mbili na nusu. Lakini nakwambia mapema, kuhusu reale sijabadilisha msimamo.