Python, C au JavaScript: ipi imfae anayeanza na aina za data na masharti?

MjukuuWaMorogoro: Wakuu, habari za jioni. Kuna kozi mbili za lugha za programu mtaani kwetu zinaanza Jumatatu, moja ya Python, nyingine ya C. Ada ni ileile. Jirani naye ananiambia niachane na zote mbili, nijifunze JavaScript mwenyewe. Kwanza nataka kuelewa aina za data na haya masharti ya if na else, yaani "kama" na "la sivyo". Nilipie ipi?

Kipanga: Swali nusu hilo, mkuu. Una kompyuta au simu? Unataka kuja kutengeneza nini?

BintiMzizima: Python, usiumize kichwa. Unaandika umri = 17, yenyewe inajua hiyo ni namba nzima. Ukiiuliza type(umri) inakujibu int. Basi.

MzeeWaPointa: Hapo ndipo mnapowaharibu vijana. Lugha ikijua kila kitu, mwanafunzi anajua nini? Kwenye C unatamka mwenyewe: int kwa namba nzima, double kwa desimali, char kwa herufi. Gawa 7 kwa 2, zote zikiwa int, unapata 3, nusu imekatwa. Siku hiyo ndiyo unaelewa kwa nini aina ya data ina maana.

BintiMzizima: Na kwenye C hiyohiyo akiandika if (alama = 30) badala ya ==, anaweka thamani badala ya kulinganisha, programu inakwenda tu na sharti linakuwa kweli daima. Python inagoma hapohapo.

MzeeWaPointa: Akitafsiri programu kwa gcc, aweke -Wall, swichi ya kuwasha maonyo, itamwonya.

BintiMzizima: Aliyeanza leo ataijulia wapi -Wall, mzee wangu?

DukaLaMama: Kuhusu JavaScript naomba niwasimulie. Tulimlipa kijana mmoja atutengenezee programu ya madeni ya dukani. Unajaza deni la zamani, unajaza deni jipya, inajumlisha. Mwanzoni tuliingiza malipo tu na yalikwenda sawa: 5000 toa 1000, inaleta 4000. Tukaridhika, hela ya mwisho tukampa. Baadaye akaja mteja mwenye deni la 5000, akaongeza sabuni ya 300. Skrini ikasema anadaiwa 5000300. Milioni tano na mia tatu, kwa sabuni! Mama akamsomea vilevile, na yule baba ana presha. Kumbe kinachojazwa kwenye kisanduku kinaingia kama maneno, na alama ya + ikikuta maneno inayaunganisha, haijumlishi. Alama ya kutoa inayageuza kuwa namba kimyakimya, ndiyo maana hatukushtuka mapema. Dawa ilikuwa kuzungushia Number() tu, inayageuza maneno kuwa namba. Kijana simu hapokei mpaka leo. Mteja kahamia duka la jirani.

Kipanga: Hahaha, pole sana. Sasa mwenye uzi yuko wapi? Tunagombana peke yetu.

MjukuuWaMorogoro: Nipo wakuu, nawasoma. Natumia simu, Android. Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo.

Kipanga: Si ungeanza na hilo! Pakua Pydroid 3, Python inakwenda kwenye simu hata bando likiisha. C nayo inawezekana kwa Termux, app ya kuandikia amri, ila mabano yale kwa kidole gumba ni adhabu. Na zoezi unalo tayari: pokea alama, toa daraja. 75 na zaidi A, 65 B, 45 C, 30 D, chini ya hapo F. Anza na sharti la juu. Ukitanguliza la 30, hata mwenye 90 anaambulia D, maana elif ("au kama") zinazofuata hazifikiwi. Halafu input() inakuletea maneno siku zote, kwa hiyo ipitishe kwenye int(). Ukilinganisha maneno kwa maneno, "100" inakuwa ndogo kuliko "75", kwa sababu 1 inatangulia 7.

MjukuuWaMorogoro: Na namba ya simu je? Nayo ni int?

BintiMzizima: Maneno. Nani anajumlisha namba za simu? Halafu kwenye int sifuri ya mbele haikai.

MzeeWaPointa: Kwenye C ukiandika 0712, sifuri ya mbele inaifanya isomwe kwa kizio cha nane badala ya kumi, unapata 458.

BintiMzizima: Asante mzee, umenisaidia kuikataa C.

DukaLaMama: Mimi ningesema atafute laptopu ya mtumba kwanza, kozi baadaye.

Kipanga: Mtumba wenye betri iliyokufa? Umeme ukikatika katikati ya somo atafanya nini?

DukaLaMama: Betri inabadilishwa, bwana.

MjukuuWaMorogoro: Kozi ya C wanasema kompyuta zipo darasani. Ya Python kila mtu aje na yake.

Kipanga: Loh! Na hilo ulikuwa umelificha wapi?

MzeeWaPointa: Njoo huku kijana wangu.

BintiMzizima: Subiri kwanza. Kompyuta ngapi, kwa wanafunzi wangapi?