Tupeane uzoefu: siku zako za kushika mimba ulizijuaje?

Habari zenu wapendwa. Leo tuzungumzie siku za hatari, ila sisi tunaoitafuta hiyo hatari. Shuleni tuliambiwa siku ya 14 tangu hedhi ianze, basi. Nesi mmoja ndiye aliyenifungua macho: yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi INAYOKUJA. Mwenye mzunguko wa siku 28 inaangukia katikati. Mwenye siku 35 ni kama siku ya 21. Sasa sisi ambao mzunguko unarukaruka tunashika lipi? Karibuni.

Mama Kulwa: Ute wa ukeni, mdogo wangu. Ukiona unateleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, mwite baba watoto hukohuko aliko. Usingoje ukauke. Yai likishatoka linaishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu zinaweza kukaa hadi siku 5, kwa hiyo afadhali yai lizikute zimeshafika. Ila kama una fangasi, tibu kwanza, la sivyo huo ute hutausoma.

Wa Zamu ya Usiku: Mimi nilianza na kipimajoto, kila asubuhi kabla sijanyanyuka kitandani. Joto linapanda kidogo tu, nyuzi 0.2 hadi 0.5, na linapanda yai likiwa limeshatoka! Kwa hiyo linakuthibitishia yaliyopita. Tena ukilala mchana, au ukipata homa, chati yote vurugu. Nikahamia vijiti vya mkojo vya duka la dawa, vile vinavyopima homoni ya kutoa yai. Vikisoma, yai linatoka ndani ya siku moja au moja na nusu hivi.

Bi Subira: Vijiti hivyo kwangu vilisoma karibu mwezi mzima, nikawa najiona nina bahati. Kumbe ni PCOS, tatizo la homoni linalovuruga utoaji wa yai, na homoni inayopimwa inakuwa juu hata kama yai halitoki. Wenye hedhi za kupotea miezi, anzeni kwa daktari kabla ya kumaliza hela kwenye vijiti.

Baba Naima: Wanaume nasi tusemeshwe jamani. Kutumiwa meseji kazini "leo ndiyo leo" kunakata stimu vibaya mno. Tuliacha kuviziana, tukawa tunakutana kila baada ya siku moja wiki zile za katikati. Na nilikwenda kupima mbegu mapema. Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko vyote anavyopitia mke, sijui tunaogopa nini.

Mwenye mada: Asante Baba Naima, nitamsomesha mtu hapa 😂

Dada wa Tanga: Samahani, mimi nakwepa, sitafuti. Mtoto ana miezi minane, ananyonya na uji anakula, hedhi haijarudi. Si niko salama?

Mama Kulwa: Hauko salama! Yai la kwanza linaweza kutoka kabla hujaiona hiyo hedhi. Kunyonyesha kunakinga kama mtoto hajafika miezi sita, ananyonya tu usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Yote matatu kwa pamoja. Wewe mawili yameshakutoka, nenda uzazi wa mpango wiki hii.