Mjadala: "Asha likes to read novels" ni kosa?

Chaki Nyeupe: Walimu, swali la Kidato cha Pili lasema kiweke kitenzi katika umbo sahihi: "Asha likes (read) novels." Mwongozo wa usahihishaji unakubali "reading" tu. Mtoto kaandika "to read", kanyimwa alama. Ni haki?

Msahihishaji: Si haki hata kidogo. "Like", "love", "hate" na "prefer" hupokea yote mawili. Vinavyodai -ing peke yake ni "enjoy", "dislike", "don't mind" na "fancy" ya Waingereza. "I enjoy to read" ndiyo ya kukata. Ukitaka jibu moja, tunga swali kwa "enjoy".

Mzee wa Kamusi: Yote mawili sawa, ila maana hupishana. Kwa Mwingereza "I like swimming" ni raha. "I like to see the dentist twice a year" ni jambo analoona vema kulifanya, raha haimo. Mmarekani haibani sana tofauti hiyo.

Kaka wa Kisumu: Mnahangaika kwa sababu huko Tanzania shule za serikali zinafundisha kwa Kiswahili mpaka darasa la saba. Mtoto anatafsiri "napenda kusoma" neno kwa neno, basi.

Binti Makorora: Hapo kaka umenigusa pabaya. Akiitafsiri hivyo anapata "I like to read", na umeshaambiwa hapo juu ni sahihi! Tena Kiswahili kinamsaidia. "Kusoma" ni kitenzi na ni nomino pia: "kusoma kunanifurahisha", ona upatanisho wa ku-. Mwambie baada ya "enjoy" huja nomino, kama "I enjoy music", basi kitenzi nacho kivae -ing kiwe nomino.

Kaka wa Kisumu: Inavunjika hapohapo. "Want" nayo hupokea nomino, "I want a book", lakini husemi "I want reading books". Kiswahili chako hakitamwonyesha hilo. Kila kitenzi hukaririwa pamoja na kinachokifuata.

Binti Makorora: Nimesema "enjoy", sikusema vitenzi vyote. Soma kabla ya kujibu. Na huko kwenu masomo ni kwa Kiingereza tangu darasa la nne, mbona "I prefer reading than writing" ipo pande zote mbili za mpaka?

Msahihishaji: Hiyo "than" inatoka kwenye "kuliko". Sahihi ni "I prefer reading to writing". "To" hiyo ni kihusishi, ndiyo maana kinachoifuata kina -ing. Ukianza na "I prefer to read", linganisha kwa "rather than write". Wanaoanguka ni wanaochanganya: "I prefer to read to write".

Chaki Nyeupe: Na ikiwepo "would"?

Mzee wa Kamusi: "To" tu: "I would like to read now." Wafundishe kuitafuta hata ikifupishwa, "I'd like", maana ile 'd huwapita machoni.

Kaka wa Kisumu: Bado sijajibiwa la darasa la saba.

Binti Makorora: Kiingereza ni somo shule ya msingi, kina vipindi vyake. Kinachomkwamisha mtoto ni kuhamishiwa masomo karibu yote kwenye Kiingereza siku anapoingia Kidato cha Kwanza. Sera ya Elimu ya 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango wa ngazi zote, utekelezaji ndio haukuja.

Kaka wa Kisumu: Kwa hiyo fizikia mtaifundisha kwa Kiswahili?

Binti Makorora: Ndiyo. Una hoja gani dhidi yake?