Mawe ya nyongo na nataka kubeba mimba, nitolewe kwanza ama nizae ndo nitolewe?

bint_kisauni

Assalam aleikum wapendwa, na wasio waislamu hamjambo. Swali langu refu mnivumilie. Mimi niko Kisauni, nina mtoto mmoja ashaanza skuli, na mume wangu tumekubaliana sasa tutafute wa pili. Shida ni kuwa tangu Ramadhani nashikwa na maumivu hapa juu ya tumbo upande wa kulia chini ya mbavu, yaja usiku nikisha kula, yapanda mpaka begani na mgongoni, natapika, silali wala sikai, halafu baada ya masaa mawili matatu yaondoka yenyewe nabaki nimechoka tu. Mara ya kwanza ilikuwa baada ya kufuturu na nyinyi mwazijua futari zetu, tumbo limeshinda tupu kutwa halafu mtu unaliangushia viazi karai, sambusa, kaimati na tambi za nazi kwa mpigo. Duka la dawa wakanambia ni vidonda vya tumbo, nikanywa dawa za asidi wee, nikapimwa H. pylori, vile vijidudu vya vidonda vya tumbo, hamna kitu. Juzi ndo daktari mmoja akasema hebu piga skani, kuangalia ni mawe kwenye mfuko wa nyongo, mengi, kubwa lao lina milimita 11. Asema nitolewe mfuko wote.

Sasa mavyaa wangu hataki hata kusikia, asema tumbo la mwanamke ambaye bado yuwazaa halitiwi kisu, ninywe mafuta ya zeituni na ndimu yatatoka yenyewe. Mume hana neno, yeye aogopa pesa tu. Kuna mtu hapa alibeba mimba na mawe? Yakuwaje? Na ukitolewa huo mfuko chakula chasagika vipi, na ni lazima ukae muda gani ndo ubebe mimba?

mama_wa_likoni

Pole sana mami, hayo maumivu nayajua, mimi nikiulizwa nichague kati ya hayo na uchungu wa kuzaa nachagua uchungu wa kuzaa, angalau ule wapumzika katikati na mwisho wapewa mtoto.

Mimi mawe yangu yalijulikana nikiwa tayari mja mzito. Mwanzo nikadhani ni kiungulia, si kila mtu hukwambia mimba ina kiungulia, lakini kiungulia gani hicho cha kukuangusha sakafuni. Nikalazwa, nikatiwa maji, nikapoa, nikarudi nyumbani nikala vizuri bila mafuta, ikarudi. Nikalazwa tena. Ilivofika mwezi wa tano daktari wa upasuaji na yule wa kina mama wakakaa pamoja wakasema tusingoje, wakanitoa kwa yale matundu madogo, siku mbili niko nyumbani. Mtoto akazaliwa miezi yake kamili, sasa yuwasumbua watu hapa kwa kupanda meza. Kwa hivyo mimba na hiyo oparesheni vyawezekana, lakini kama mimi ningepewa nafasi yako, ya kujua kabla, ningetoa kabla. Kuvuka feri saa nane usiku umejikunja na tumbo mbele sikutakii.

Mvita_asili

Mimi naona mwatishana. Nina mawe nami, yalionekana kwa bahati nikipigwa skani ya kitu chengine kabisa, na nimezaa watoto wawili nayo humo humo, hayajawahi kunisema hata siku moja. Daktari wangu alinambia jiwe lisilouma haliguswi. Kunywa maji mengi na madafu asubuhi, yatapungua.

nesi_wa_wodi

Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi kisha nikahamia kwa kina mama kwa hivyo hili laniangukia pande zote mbili. Ngojeni niseme pole pole.

@Mvita_asili maneno ya daktari wako ni sawa kabisa, kwa wewe. Mawe yaliyonyamaza huachwa, watu wengi sana wanayo na watakufa kwa uzee bila kujua. Lakini bint_kisauni yake yashaanza kusema, na yakianza huwa hayanyamazi kwa muda mrefu. Na hayo ya maji na madafu ni mawe ya FIGO dada, hayo ndo husukumwa na mkojo. Nyongo haipiti kwenye mkojo, kunywa pipa zima halitingishiki jiwe.

Sasa bint_kisauni. Nyongo yatengenezwa na ini, ule mfuko kazi yake ni kuiweka tu mpaka ule chakula cha mafuta ndo ujikamue. Ufikirie ni tangi la kule juu ya dari, ukiliondoa maji hayakatiki, yateremka moja kwa moja kwenye bomba kidogo kidogo. Ndo maana mtu huishi bila mfuko na chakula kinasagika, wengine huharisha kidogo wiki za kwanza wakila mafuta mengi, basi. Na mtoto tumboni hali kutoka kwenye nyongo yako, yuwala kupitia kondo.

Kwa nini mimba na mawe ni marafiki: homoni ya estrojeni hufanya ini limwage kolesteroli nyingi kwenye nyongo, na projesteroni hulegeza mfuko usijikamue vizuri, nyongo yakaa, yawa nzito, yaganda. Wajawazito wengi hupata tope tu, si mawe, na tope mara nyingi huisha lenyewe baada ya kuzaa. Lakini wewe waingia kwenye mimba na mawe tayari, na yashakushika, kwa hivyo nafasi ya kukushika tena ni kubwa. Hapo mimi nakubaliana na daktari wako, toa kabla.

Muda wa kungoja, hakuna sheria moja. Mtu akitolewa kwa matundu, wengi hurudi kazini baada ya wiki moja ama mbili, akipasuliwa wazi ni wiki nne mpaka sita na zaidi. Aliyekushona ndiye atakwambia lini uko tayari, mpaka hapo tumia kinga na anza kumeza foliki asidi. Ila kabla ya yote PIMA MIMBA. Nyinyi mushaanza kutafuta, hospitali nzuri watakupima wenyewe lakini usingoje wao.

Ya zeituni na ndimu. Utatoa kweli vitu vya kijani chooni na mavyaa atasema si nilikwambia. Mwaka 2005 jarida la madaktari la Lancet liliandika kisa cha mama aliyekunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau, akatoa vijiwe vingi vya kijani, vikapelekwa maabara, kumbe ni sabuni tu iliyoumbika tumboni kutokana na mafuta yenyewe na yale maji ya limau. Vilivotiwa kwenye joto vikayeyuka. Mawe yake alikuwa nayo bado, ikabidi atolewe mfuko. Na mafuta mengi namna hiyo kwa mtu mwenye mawe yanayouma ni kuamsha shambulio kwa makusudi.

baba_tuktuk

Mke wangu alifanyiwa mwaka jana. Ushauri wangu ni wa pesa tu sababu ya nyongo sijui kitu. Angalia SHA yako, ile bima ya afya ya serikali, iko hai na umelipa, uulize hospitali KABLA ya tarehe kama wanapitisha hiyo oparesheni ya matundu na itabaki ngapi juu yako, usiulize siku yenyewe ushavaa gauni. Na uulize hospitali zaidi ya moja, bei za Mombasa hii zapishana ajabu. Ya kupasuliwa wazi huwa bei rahisi lakini hesabu na siku za kulala na siku hufanyi kazi, sisi tulihesabu tukaona ni ile ile.

bint_kisauni

Wapenzi nimerudi. nesi Mungu akulipe, nilipima jana usiku kwa sababu yako. Mistari miwili. Leo nimeenda kliniki wakathibitisha, ni wiki sita hivi. Nafurahi na nalia kwa pamoja sijui hata nianze wapi. Sasa ndo ishakuwa haiwezekani kutolewa si ndio? Nikae na haya maumivu miezi minane?? Na ile skani niliyopigwa haikumdhuru?

mama_wa_likoni

Mashallah mashallah hongera mami!! Usilie. Umesahau mimi nilitolewa na mimba?

nesi_wa_wodi

Hongera sana dadangu. Skani ya altrasaundi haina mionzi, hata ungepigwa kila wiki, toa hofu. Hata MRI bila ile dawa ya kudungwa hutumika kwa wajawazito wakitaka kuona kama jiwe limetoka kwenye mfuko likakwama kwenye mrija.

Sasa mpango umebadilika, haujafutika. Miezi mitatu ya kwanza madaktari hupenda kungoja kama mtu yuwavumilika. Mwezi wa nne mpaka wa sita ndo wakati mzuri, mimba ishashika na tumbo halijawa kubwa la kuziba njia. Zamani walikuwa wakiogopa kumgusa mjamzito, siku hizi mashambulio yakirudi rudi huona kukuacha ndo hatari zaidi, sababu mfuko waweza kuvimba ukaoza, ama jiwe likaziba mrija ukapata kuvimba kongosho, na hilo la kongosho ni baya kwako na kwa mtoto. Ikiwa ni dharura hufanywa mwezi wowote. Kama jiwe limekwama kwenye mrija kuna njia ya kuingiza kamera kwa mdomo wakalitoa hapo, na hiyo pia hufanyiwa wajawazito wakikingwa tumbo na mionzi.

Kwa hivyo wiki hii mwambie nesi wa kliniki aandike MAWE YA NYONGO kwenye kitabu chako cha mama na mtoto, kubwa kubwa, na umuone daktari wa upasuaji sasa hivi na si siku umeshikwa. Kama kliniki yako ni ndogo omba barua ya kwenda Makadara, ile hospitali kuu ya Mombasa, ama popote penye daktari wa upasuaji na wa kina mama chini ya paa moja, hilo ndo la maana kuliko uzuri wa jengo.

Dawa. Parasetamoli sawa. Ile tabia yetu ya kwenda duka la dawa kudungwa diklofenaki, wacha kabisa, na Brufen pia. Dawa za aina hiyo zaweza kuumiza figo za mtoto na kupunguza maji anayoogelea, ndo maana mwaka 2020 Marekani walitoa onyo kuanzia wiki ya 20, na ukikaribia mwisho zaweza kufunga mshipa wa moyo wa mtoto kabla ya wakati. Maumivu yakizidi parasetamoli usihangaike mwenyewe nyumbani, njoo hospitali kuna dawa za kudungwa zinazofaa mjamzito. Na mimea ya kusafisha nyongo, habasoda ya vijiko kwa vijiko, vyote viweke kabatini.

Kimbia hospitali ukiona homa na kutetemeka, macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, choo cheupe, ama maumivu yamepita masaa matano hayaachi. Na hili watu hulisahau: ukishapita wiki ya 20 maumivu ya upande huo huo wa kulia yaweza kuwa si mawe, yaweza kuwa presha ya mimba imefika kwenye ini, hasa ukiwa na kichwa kinauma na macho yaona vimulimuli. Usikae nyumbani ukisema aah ni mawe yangu nayajua. Upimwe presha na mkojo kila mara. Viganja na nyayo zikianza kuwasha usiku miezi ya mwisho sema pia, hiyo ni shida ya ini nyengine.

shangazi_mwembetayari

Nesi amemaliza mimi naja na jikoni. Usijinyime kula mwanangu, watu wakisikia mafuta wakaacha kula kabisa, wakikonda kwa haraka mawe ndo yazidi. Kula kidogo kidogo usipitishe masaa mengi. Wali wa nazi waweza, ila tumia tui la mwisho lile jepesi na uchukue kidogo, samaki wa kuchoma badala ya wa kukaanga, mbaazi usizitie tui zito, mchicha, maembe, mkate wa mofa badala ya mahamri. Viazi karai vya jioni pale barabarani vipite ukivipungia mkono. Haiyeyushi mawe lakini yatakupunguzia kushikwa. Na Ramadhani ikikukuta una mimba na mawe zungumza na daktari wako na sheikh wako mapema, ruhusa ya mja mzito na mgonjwa ipo.

Mavyaa usibishane naye. Mpeleke kliniki akae mbele ya daktari amsikie kwa masikio yake, wazee wetu wakiheshimiwa hivyo hugeuka wao ndo wa kwanza kukukataza zeituni. Mimi ni mavyaa nami najua.

bint_kisauni

Shangazi umenichekesha nimelia tena. Asanteni. Kliniki ni Alhamisi, barua nitaomba. Mume nimemuonyesha haya maandishi yote, ameenda kuangalia SHA.

wa_mtwapa

Samahani kuingilia. Mimi nimezaa, mtoto ana miezi mitatu, mawe yameanza sasa. Nikifanyiwa nitaacha kunyonyesha?

nesi_wa_wodi

@wa_mtwapa hapana. Baada ya kuzaa ndo wengi hushikwa, hauko peke yako. Mnyonyeshe kabla hujaingia, ukizinduka nusu kaputi na una akili zako timamu waweza kumnyonyesha tena. Kamua maziwa kidogo uweke kwa masaa utakayokuwa ndani, na mwambie daktari kuwa wanyonyesha ili achague dawa ya maumivu. Mtu awepo wa kukunyanyulia mtoto wiki ya kwanza, matundu ni madogo lakini yauma ukiinama.