Naomba ushauri: Ricoh GR III au Sony RX100 VII kwa picha za mtaani?

Wakuu, salaam. Nina kamera kubwa na lenzi zake tatu, lakini ukweli inalala kabatini. Nikiitoa Kariakoo kila mtu anageuka, wengine wanaficha sura, na mmoja aliniuliza natoka gazeti gani. Nataka kitu cha kuingia mfukoni.

Nimebaki na mbili. Ricoh GR III ina sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) kubwa, ya saizi inayoitwa APS-C, na uzito wa gramu 257 tu pamoja na betri, ila lenzi yake haivuti, ni sawa na milimita 28 (pembe pana) basi. Haina flashi wala tundu la kuchungulia, na haijazibwa dhidi ya vumbi. Kwa vumbi letu hili, hapo ndipo napata wasiwasi. Sony RX100 VII inavuta kutoka milimita 24 hadi 200 na tundu la kuchungulia inalo, lakini sensa ni ndogo zaidi, ya inchi 1, na ukivuta hadi mwisho lenzi inabaki f/4.5, yaani inapitisha mwanga kidogo. Sasa picha zangu nyingi ni za usiku: wachoma mishikaki, moshi, taa moja inaning'inia. Hapo ipi itanibeba?

Harusi sipigi, na simba sina habari nao.

Mke wangu anasema simu inatosha. Huenda ana hoja (bei sijamwambia bado).

Aliyekaa na mojawapo mwaka mzima anijuze: betri inamaliza siku? Vumbi liliingia? Na nikipata ya mtumba, nianze kukagua wapi?