Mbwa akifunguliwa kamba harudi: filimbi, kamba ndefu au kola ya umeme?

Baharia_Nchikavu (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za wikiendi. Nina dume, mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa wetu wa kienyeji, anakaribia mwaka na nusu. Ndani ya geti ana adabu zote: ukimwita anakuja, ukimwambia kaa anakaa. Alfajiri nampeleka ufukweni huku Kigamboni na kumfungua akimbie. Akishaona kunguru au mbwa wenzake, mimi si lolote si chochote. Anageuka, ananitazama, anaendelea na hamsini zake.

Nashauriwa mambo matatu na kila mtu anaapia lake: kamba ndefu, filimbi, au ile kola inayompiga shoti ukibonyeza rimoti. Mliotumia, kipi kimefaa? Mfuko si mnene.

MamaBoko
Kamba ndefu kwanza, mengine yatafuata. Huyo ameshajua kwamba akikupuuza anapata kunguru wa kufukuza. Yaani kila alfajiri unampeleka akalipwe kwa utovu wa nidhamu. Kamba inakata huo mshahara.

Mita 10 zinatosha. Usinunue ya manila, itakuchuna viganja. Nenda kwa wauza spea za malori uulizie mkanda wa kufungia mizigo, ule mwembamba, ukatiwe urefu wako, kisha fundi viatu akushonee kishikizo cha chuma upande mmoja. Upande wa pili usiweke kitanzi, kitanasa kwenye mawe na mizizi. Kishikizo kiingie kwenye mkanda wa kifua, si kwenye kola: mbwa wa kilo 30 akifika mwisho wa kamba kwa mbio, shingo ndiyo itakayoumia. Na kamwe usijizungushie mkononi. Iache iburuzike mchangani, ukitaka kumzuia ikanyage.

Nahodha_Tanga
Dada, nikukosoe kidogo. Kamba inamzuia kuondoka, haimfundishi kurudi. Nimeona mbwa wanaojua kabisa kamba ipo au haipo: ikiwepo ni malaika, ikitolewa hao!

Mimi ni wa filimbi. Sauti ya mtu ina hasira, ina mafua, ina haraka ya kwenda kazini, na mbwa anaisoma yote. Filimbi haina kisirani. Mke wangu akipuliza, mwanangu akipuliza, ni mlio uleule. Halafu msimu wa kusi upepo ukichachamaa ufukweni, hata ukipayuka hasikii, ila filimbi inapenya. Tafuta isiyo na kijipunje ndani, si ile ya refa. Za kampuni ya Acme zina namba ya mlio, kama 210.5 au 211.5, kwa hiyo ukiipoteza unanunua yenye namba ileile na mbwa hajui kama kuna kilichobadilika.

Lakini filimbi yenyewe haina uchawi. Anzia nyumbani wakati wa kula: puliza, weka bakuli. Puliza, weka bakuli. Kisha toka chumba hadi chumba, halafu uani, halafu nje ya geti. Ufukweni ni mwisho kabisa. Wengi wanainunua leo na kesho wako nayo baharini wanapuliza kama trafiki, wiki ya pili mbwa ameizoea kama anavyozoea honi za bodaboda.

Mzee_wa_Lindo
Vijana mnazunguka mbuyu. Nimekaa na mbwa wa ulinzi miaka mingi. Kola ya umeme, kiwango cha chini, anaelewa upesi. Mbwa mwenye mwaka na nusu ana nguvu na kichwa kigumu, huwezi kumbembeleza kwa vinyama mpaka azeeke.

Mswahili_Hannover
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapo nakupinga. Wales waliipiga marufuku kola hiyo tangu 2010, na huku Ujerumani nako hairuhusiwi kumfundishia mbwa. Tuweke sheria pembeni, tatizo lenyewe ni hili: wewe unajua shoti imetoka kwenye rimoti, yeye hajui. Anajua tu alikuwa anamtazama nani alipoumia. Kama alikuwa anamtazama mtoto wa mvuvi, basi watoto ndio wanaouma. Kesho anaanza kuwabwekea, keshokutwa kuwarukia, na mwenye mbwa anabaki kushangaa ukali umetoka wapi.

Kamba ndefu huku ni jambo la kawaida, hakuna anayekucheka. Jimbo letu la Niedersachsen, kuanzia 1 Aprili hadi 15 Julai mbwa haachiwi porini wala mashambani, kwa sababu wanyama wanazaa na ndege wanaatamia. Miezi hiyo ndiyo tunayofanyia mazoezi ya kuita, kamba ikiwa mgongoni.

Mzee_wa_Lindo
Marahaba. La watoto nimelisikia. Ila mbwa wa lindo si mbwa wa matembezi, nasimamia hapo.

Wanjiku_K
Hapa Nairobi, msitu wa Karura mbwa haruhusiwi kuachiliwa kamba hata dakika moja, kwa hivyo mimi hufanyia ndani ya kiwanja chenye ua. Naona mnabishania chombo na kusahau jambo moja. Baharia, ukishamwita huwa unafanya nini? Ukimwita mara moja tu, mwisho wa matembezi, umfunge mwende nyumbani, basi umemfundisha kwamba kuitwa ni mwisho wa raha. Hata mimi singekuja!

Mwite katikati ya mchezo. Akifika mpe kitu kitamu, shika kola yake kidogo, kisha mwambie aende tena. Fanya hivyo mara nyingi kuliko zile za kumfunga. Kuachiliwa arudi kucheza ni zawadi kubwa kushinda nyama. Na akichelewa kuja usimgombeze, hata kama umemngoja jua limepanda: atakachokumbuka ni kwamba alikuja akagombezwa.

Baharia_Nchikavu
Aisee Wanjiku, ni hivyo hivyo. Namwita mara moja tu, tukitaka kuondoka. Na akikataa huwa namkimbiza.

Nahodha_Tanga
Usimkimbize, kwake huo ni mchezo na ana miguu minne. Mpe mgongo, kimbia upande mwingine ukipiga makofi. Atakufuata.

Na jina lake lipumzishe. Siku nzima “Simba toka hapo, Simba acha, Simba wewe”, kisha ufukweni unataka hilohilo jina limrudishe? Chagua mlio au neno moja la kurudia tu, usilitumie kwa jingine.

Lingine: mimi ni Muislamu, mbwa namfuga kwa ulinzi. Akimlamba mtu aliyevaa kanzu anakwenda kuswali, umemrudisha nyumbani kuosha mara saba, moja kwa udongo. Jirani hatakusamehe kwa sababu eti mbwa ni mpole. Mpaka awe anarudi kwa uhakika, pita saa ambazo watu hawatoki msikitini.

Kijana_wa_Ituri
Kwetu Congo mbwa wa kuwinda, wale wasiobweka, huvishwa kengele ya mti shingoni. Haimrudishi, ila mwindaji anajua yuko wapi kwenye kichaka. Naongezea tu, kwa wenye mbwa wa vichakani.

Daktari_Mifugo_Pwani
Kabla ya yote, chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapitwa na muda. Mbwa anayekutana na wasiojulikana ufukweni hana mjadala hapo.

Pili, bunju. Yule samaki anayejivimbisha, wavuvi humtupa mchangani. Sumu yake haiondoki hata akikauka, na hakuna dawa ya kuivunja. Mfundishe na “acha” sambamba na kurudi, maana akishammeza, filimbi haitakusaidia.

Swali la chombo: MamaBoko na Nahodha mnabishana bure. Kamba ishike, filimbi iite. Akirudi bila kamba kukaza hata kidogo, mbele ya kunguru na mbwa wengine, wiki baada ya wiki, ikate ibaki fupi inayoburuzika, kisha uitoe.

MamaBoko
Sawa daktari, nakubali. Ila ianze kamba! 😄

Baharia_Nchikavu
Nimeelewa wakuu, kola ya umeme nimeifuta. Zawadi naweza kutumia dagaa? Maini kila siku sitaweza.

Daktari_Mifugo_Pwani
Dagaa wa Mwanza sawa, wanaanikwa tu. Wa huku pwani huchemshwa na chumvi, usimpe hao. Maini nayo chemsha bila kitunguu, kata punje ndogo kama kucha, nusu kilo utaitumia siku nyingi. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe kabisa, inapasuka vipande vyenye ncha.